Ndago, Makuti na Matango: Shajara ya Matuta 24 ya Mwakirunge

Kabla ya kuanza

Matango yangu ya kwanza niliyapanda Januari, na yalinishinda. Maji yalikuwepo na nzi wa matunda hawakuwa wengi. Aliyenishinda ni gugu. Siku za kazi niko mjini, shambani Mwakirunge, hapa Mombasa, nafika Jumamosi, na mwezi ule nilikosa Jumamosi mbili mfululizo. Niliporudi, ndago na mchicha pori vilikuwa vimepanda juu ya miche hata ukisimama chini ya mwembe huwezi kusema palipandwa nini. Nikaweka vibarua wanne kwa siku tatu. Walipalilia pakawa peupe kama uwanja wa mpira, nikarudi mjini nimefurahi. Wiki iliyofuata karibu nusu ya matango yalikuwa yamenyauka, na yaliyosalia yakatoa matunda yaliyopinda kama ndoana. Pesa ya vibarua haikurudi.

Ami yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeniachia shamba hili. Alikuwa mtu wa duka, na hakuchoka kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, la mbegu, la mbolea, la maji. La magugu ndilo sikuwa nalo. Kwa hiyo shajara hii ni ya magugu kwanza, matango baadaye.

Mpango: matuta 24, kila tuta mita 20, miche 50 kwa tuta, matuta yakiachana mita 1.2 kutoka kati hadi kati. Matuta 8 nitapalilia kwa jembe kama kawaida. Matuta 8 nitayatandaza makuti makuukuu. Matuta 8 nitayavika nailoni ya shambani, ile yenye uso wa fedha juu na weusi chini. Mbegu ni moja, maji yaleyale, mbolea ileile.

24 Mei

Mvua ya masika bado yanyesha asubuhi, udongo umeloa. Leo sikushika jembe. Nimekaa kuitazama samadi.

Samadi yangu huitoa kwenye boma la jirani, nayo hukaa rundo kando ya uzio mpaka nitakapoihitaji. Leo rundo lenyewe limeota majani, kijani kibichi juu hadi chini. Hapo ndipo nilipojicheka. Msimu uliopita nililipa watu kung'oa magugu ambayo mwenyewe nililipa yaletwe kwa mkokoteni! Mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwa ng'ombe na mbuzi zikatoka salama, na zikitua kwenye samadi mbichi yenye unyevu hazina haja ya kubembelezwa.

Nimejaza ndoo mbili zilizotobolewa chini. Moja ina samadi ya rundo hili. Nyingine ina samadi niliyoigeuzageuza tangu Machi, ikapata moto hasa. Kupima moto nilitumia nondo: unaichomeka katikati ya rundo, unaiacha robo saa, ukiitoa ikawa huwezi kuishika mkononi, mambo yanakwenda vizuri. Rundo likifika nyuzi 55 hadi 60 na kukaa hivyo siku kadhaa, mbegu nyingi hufa, lakini sharti uligeuze ili za pembeni nazo ziingie kati. Ndoo zote mbili nimezimwagia maji.

31 Mei

Ndoo ya samadi mbichi: miche ya magugu 37. Ndoo ya samadi iliyoiva: 2. Rundo bichi nimelirudisha kwenye moto, halitaingia shambani msimu huu.

Leo tumefanya sensa ya magugu. Mama anayenisaidia palizi ni Mgiriama wa hapahapa, umri wa mamangu mzazi, nami humwita mama. Nilimwambia nataka kujua kila gugu lililoko hapa kwa jina. Akacheka.

"Mwanangu, wewe yote waita magugu. Huu ni mtsunga, hii mnavu, hii mchicha. Hiyo ni mboga. Adui ni huyu hapa."

Akainama akang'oa ndago. Jani likatoka, mzizi ukabaki.

"Waona? Amekuja na jani tu, nyumba yake kaiacha chini."

Tukaifuata nyumba hiyo kwa kijiti. Ndago si nyasi, ingawa sura yake ni ya nyasi: ukiliviringisha shina kati ya vidole utahisi pembe tatu. Chini yake kuna viazi vidogo, vyeusi, vimeungana kwa nyuzi kama shanga za tasbihi. Kiazi cha mbele kikiwa hai na jani lake liko juu, vile vya nyuma mara nyingi hulala. Ukipiga jembe ukakata nyuzi, umewaamsha wote. Hivi ndivyo wale vibarua wangu wanne wa Januari walivyonipandia ndago, nami nikawalipa. Wataalamu wa magugu walipopanga magugu mabaya zaidi duniani mwaka 1977 waliiweka ndago namba moja, na baada ya asubuhi ya leo sina la kuwabishia.

Orodha ya leo, kwa wingi: ndago, mchicha pori, nyasi za aina mbili tatu, kongwa kwenye unyevu karibu na kisima, mtsunga (mchunga, kwa Kiswahili cha mjini), mnavu, kishona nguo kando ya njia. Suruali yangu imerudi nyumbani na kishona nguo cha kutosha kuanzisha shamba jingine Kisauni.

Mama ameomba kila tutakapopalilia mtsunga uwe wake. Ataufunga mafungu auze. Nimekubali, ila kwa sharti nitakalolieleza mbele.

7 Juni

Matuta yote 24 yameinuliwa, samadi iliyoiva imechanganywa, mipira ya matone imelazwa. Lakini sipandi. Ndiyo kazi ngumu ya mwezi huu, kuwa na matuta tayari na kutopanda.

Nia ni kuyadanganya magugu. Udongo umeshachafuliwa na jembe, mbegu zimeona mwanga, maji yapo. Zitaota zikidhani mkulima kalala. Nikiziua zikiwa changa bila kuchimba tena, za chini hubaki chini hazina habari. Tango nalipanda baada ya hapo. Nimefanya hivyo kwenye matuta 20. Matuta manne ya kundi la jembe nimeyaacha yaandaliwe kama zamani, yaani yachimbwe na kupandwa siku hiyohiyo, nione tofauti.

Nilipita duka la pembejeo kuuliza dawa ya magugu. Kijana wa dukani alinipa chupa akaniambia inaua nyasi bila kugusa matango. Ni kweli, dawa za namna hiyo zipo, zinachagua nyasi na kuacha mimea ya majani mapana. Tatizo ni kwamba ndago si nyasi, wala mchicha pori si nyasi, na hao ndio wenye shamba. Ile nyingine inayoua kila kitu hufaa kabla ya kupanda tu, tena kwa ndago inayokua kwa nguvu. Sijaapa kutotumia dawa. Ila kisima kiko hatua chache kutoka matutani, na chupa moja niliyopewa kuangalia haikuwa na namba ya usajili ya Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, ile PCPB inayosajili dawa za shambani Kenya, mahali popote. Nikairudisha juu ya kaunta.

14 Juni

Zulia. Matuta 20 yamefunikwa na vimche vya urefu wa ukucha. Mama na kijana mmoja wameyakwangua kwa jembe bapa, sentimita mbili tatu basi, kama mtu anayekwangua sufuria. Jua lilitoka saa tano, kufika saa tisa vyote vimekauka.

Ndago tumeichimba kwa uma, si kwa jembe, tukaufuata uzi mpaka mwisho. Viazi tumevianika juu ya mawe ya matumbawe nyuma ya kibanda. Viazi vya ndago havipendi kukaushwa. Vikikaa juani siku kadhaa vinakufa. Lakini usivitupe kwenye mboji. Mimi nimefanya kosa hilo, miaka miwili iliyopita.

21 Juni

Nailoni imelazwa kwenye matuta 8, kingo zimefukiwa. Uso wa fedha uko juu kwa sababu joto la hapa na nailoni nyeusi havipatani, udongo hupikika na miche huungua shingoni. Faida nyingine ni kuwa mng'ao wa fedha huwachanganya vidukari na nzi weupe wasitue.

28 Juni

Jana matuta yaliyodanganywa yasiyo na nailoni yamekwanguliwa mara ya pili. Vimche vilivyoota vilikuwa vichache sana kuliko vya tarehe 14. Leo tumepanda, mbegu moja moja, kila sentimita 40 kwenye tuta.

Makuti sasa. Jirani ameezua nyumba yake ya makuti, anaweka mabati. Makuti ya zamani alikuwa ayachome. Nilimwomba, akanipa bure, nikalipa mkokoteni safari tano. Wengi hutandaza nyasi, na nyasi ni nzuri ikiwa haijafunga mbegu, jambo ambalo mwezi huu ni kama kuomba mvua ya mawe. Makuti yaliyokaa juani miaka mingi hayana mbegu hata moja. Tumeyalaza kwa kupandana, vilevile yalivyokuwa juu ya paa, tukaacha tundu la kiganja kila palipo na mbegu.

Tulikuta nge watatu. Atakayeniiga avae buti na glavu, asichukue makuti kwa mikono mitupu akasema hakuambiwa.

5 Julai

Matango yameota, tarehe 2 tayari yalionekana. Kwenye makuti yamechelewa siku moja hivi.

Na ndago imetoboa nailoni. Sikuamini mpaka nilipopiga magoti. Ncha ya jani lake linapochomoza ni kali kama sindano ya magunia, imepenya katikati ya plastiki pasipo tundu lolote, mahali pengi tu. Mchicha pori, nyasi, mtsunga, vyote viko chini ya nailoni vinakufa gizani. Ndago imetoka inatazama jua. Muuzaji alinihakikishia "hakuna kitakachoota", na mimi nikanunua mita 160.

Kwenye makuti nayo imetoka, lakini kwa uchache, majani membamba yamefifia rangi. Ndago hupenda jua kali, kivuli huichosha. Tena udongo chini ya makuti ni laini na una unyevu, ukilivuta jani polepole kiazi chatoka nacho.

12 Julai

Nimetengeneza fremu ya mbao ya mita moja kwa moja, nikaiangusha matutani kuhesabu. Kazi ya kitoto lakini ndiyo iliyonifungua macho. Wastani kwa mita moja ya mraba, siku 14 baada ya kupanda:

Matuta ya jembe yasiyodanganywa: magugu 212.
Matuta ya jembe yaliyodanganywa: 61.
Makuti: 14, karibu yote ndago.
Nailoni: 23, karibu yote ndago.

Palizi ya kwanza imefanyika leo kwenye kundi la jembe, vibarua wawili siku nzima. Nimewasimamia mwenyewe. Mizizi mingi ya tango iko juujuu, haiendi mbali chini. Ukichimba karibu na shina unaikata mizizi ileile inayokunywa maji. Sasa naelewa kifo cha Februari. Magugu yaliyanyima matango chakula kwa mwezi mzima, kisha jembe likayakatia mdomo. Karibu na mche, umbali wa kiganja, ni kung'oa kwa mkono tu.

Mama amefunga mafungu tisa ya mtsunga. Amesema yametosha sukari na unga.

19 Julai

Siku mbaya. Naiandika yote, tafadhali mtu asirudie.

Bomba langu la mgongoni limevunjika mpini. Kulikuwa na vidukari kwenye ukingo, nikaazima bomba la mtu nikapulizia tuta la kwanza la kundi la jembe. Hiyo ilikuwa Jumatano, nilipata ruhusa kazini. Leo nimekuta majani machanga yamejikunja kama vikombe, ncha zimevutika nyembamba kama mkia wa panya, mashina yamejipinda. Nilidhani ugonjwa. Mama akaangalia, akauliza bomba lilitoka wapi, lilipulizia nini.

Lilipulizia mahindi. Dawa ya 2,4-D, ile inayoua majani mapana kwenye mahindi. Tango ni jani pana, tena jamii yote ya matango na maboga ni nyepesi mno kwa dawa hiyo; mabaki yaliyoganda kwenye mpira wa bomba yanatosha. Mwenye bomba alikuwa ameliosha, kwa maji, mara moja. Simlaumu. Kosa ni langu la kutouliza. Bomba la dawa ya magugu linapaswa kuwa lake peke yake na liandikwe kwa rangi.

Tuta lile nimelitoa kwenye hesabu. Kundi la jembe sasa ni matuta 7.

26 Julai

Maua ya kwanza, ya kiume. Ya kike yaja nyuma, yanajulikana kwa kitango kidogo nyuma ya ua. Nyuki wanafika asubuhi mapema, ndiyo maana dawa yoyote siku hizi ni jioni tu.

Matango yamekwishashika kamba na vikono vyao. Palizi ya tatu imefanywa leo kwa kundi la jembe. Wiki nne tangu kupanda: huu ndio muda ambao gugu humwibia tango kwa kweli. Baada ya hapa tango lenyewe linatupa kivuli, na gugu linaloota leo halitamfikia. Ukiingia na jembe kuanzia sasa waharibu kuliko unavyookoa. Imebaki palizi moja nyepesi ya mkono.

Vijia kati ya matuta hatuchimbi kabisa, tunafyeka.

2 Agosti

Miche 11 upande wa kisima imepata majani ya madoadoa, kijani na manjano, imedumaa. Mosaiki ya tango. Kirusi chake hujificha kwenye magugu kama kongwa na mnavu, vidukari wakakibeba. Na kongwa tuliiacha pale kwenye unyevu kwa sababu "iko nje ya matuta". Tumeing'oa kongwa yote na miche 11 pia. Hili ndilo lile sharti nililompa mama: mtsunga achukue, lakini mnavu usiachwe hata mche mmoja ukomae karibu na matango, hata kama watoto wake waupenda na nazi. Na baada ya kupulizia, mboga yoyote ya matutani haichumwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

13 Agosti

Kijana amenipigia simu ofisini: kreti mbili, za kwanza. Siku ya 46.

16 Agosti

Tunachuma siku moja baada ya nyingine. Tango halisubiri, ukilikosa siku nne limekuwa kubwa la mbegu, na mmea ukiona umepata mbegu hupunguza kuzaa. Matango ya makuti ni manyoofu, yameiva rangi. Ya jembe, hasa kwenye matuta matatu yasiyodanganywa, yamechanganyika, mengine kiuno chembamba.

Asubuhi umande umekaa muda mrefu kwenye kundi la jembe, na ubwiri, ukungu wa majani, umeanzia huko. Nadhani ni sababu ya magugu yaliyosongamana chini yanazuia upepo, ingawa ni macho yangu tu, sikupima.

30 Agosti

Soko la Kongowea. Nilifika kabla ya alfajiri. Dalali hakuangalia mzigo wote, alifunua kreti ya juu, kisha akaingiza mkono chini akatoa tango la katikati. Mzigo wa matuta ya jembe na ule wa makuti nilikuwa nimevitenga. Wa jembe ulipewa bei ya mchanganyiko. Wa makuti aliuliza kama naweza kuleta Alhamisi kwa sababu Ijumaa kuna arusi mbili na kila pilau ina kachumbari yake. Mpishi wa hoteli moja ya pwani ya kaskazini huchukua yaliyonyooka tu, urefu mmoja, halipi zaidi kwa utamu.

Hapo nimeona kitu ambacho sikukitia kwenye mpango: magugu hayakupunguza kilo tu, yalishusha daraja. Nilikuwa nimekaa na kikokotoo nikifikiria uzito.

20 Septemba

Mchumo wa mwisho. Mimea imechoka.

27 Septemba

Hesabu, kwa tuta moja la miche 50.

Jembe: wastani kilo 78, bei ya wastani shilingi 38, mapato 2,964. Gharama ya magugu ni palizi nne, vibarua wawili wa shilingi 600 kila palizi, jumla 4,800 kwa matuta 8, yaani 600 kwa tuta.

Makuti: kilo 112, bei 44, mapato 4,928. Mkokoteni 2,000, kutandaza 1,200, kung'oa ndago 600. Jumla 3,800, yaani 475 kwa tuta.

Nailoni: kilo 104, bei 44, mapato 4,576. Nailoni 4,000, kuilaza 1,200, kung'oa ndago 1,200. Jumla 6,400, yaani 800 kwa tuta.

Gharama nyingine zote, mbegu, samadi, maji, kamba, dawa, kuchuma na kusafirisha, zilifika kama 1,500 kwa kila tuta. Kwa hiyo mfukoni: jembe 864, nailoni 2,276, makuti 2,953.

Lakini wastani wa jembe unaficha jambo. Matuta manne yaliyodanganywa kabla ya kupanda yalitoa kilo 90. Matatu yasiyodanganywa, kilo 62. Tofauti ya kilo 28 kwa kazi ya kukwangua mara mbili na uvumilivu wa wiki tatu. Mtu asiye na makuti wala pesa ya nailoni aanzie hapo, na aiache samadi yake iive.

Kwa haki ya nailoni: nimeikunja vizuri, yaweza kutumika msimu mwingine ikiwa ndago haikuitoboa mno, na gharama itashuka. Mahali pasipo na ndago huenda ingeshinda. Makuti nayo yana aibu yake: mchwa wameyala matuta mawili ya mwisho mpaka yakabaki vijiti, na nusu ya kutandaza kwa vuli itabidi ianze upya. Hata hivyo chini yake udongo haukuonyesha ule unga mweupe wa chumvi unaojikusanya juu pale maji ya kisima yanapokauka. Kwa maji yetu ya Mombasa, hilo peke yake lina bei yake.

4 Oktoba

Vuli inakaribia. Tumechimba tena kwa uma kwenye matuta 8 ya jembe, na kwa mita moja ya mraba tumepata viazi vya ndago 58, wakati kwenye makuti tumepata 21. Vyote viko juu ya mawe vinakauka.

Mama ameomba ukanda wa mita tano kando ya njia, mbali na matuta, aupande mtsunga wake rasmi. Nilimwuliza iweje alime gugu. Akanijibu kwamba linalouzwa si gugu. Kamba nimemfungia leo, na Jumatatu pikapu yaleta makuti kutoka Shanzu.